S.M. Otieno: Loya Aliyekaa Mochari Siku 154 Juu Hakuandika Angezikwa Wapi

Wacha nikuulize swali ngori kidogo, na usiseme nakuombea mabaya. Siku yako ikifika, utazikwa wapi?

Kama wewe ni wa Kanairo kama wengi wetu, hilo swali si rahisi venye linasikika. Ulizaliwa Pumwani, ukakulia Umoja ama Kayole, na shagz unaijua tu ya Disemba na ya matanga. Buda ametoka upande huu wa nchi, mathe ametoka ule mwingine. Nyumbani ni wapi sasa? Ni kwenye keja unalipa kila mwezi? Ni kwa babu, mahali ukifika lazima uulize choo kiko wapi? Ama ni kile kiploti mathe alinunua Ruai?

Wengi wetu hilo swali tunalirusha mbele. Tunasema wakati ukifika wenye watakuwa hai watajipanga. Basi keti nikupigie stori ya msee alisema hivyo pia, ama tuseme hakuandika tofauti, na wenye walibaki hai wakashindwa kujipanga kabisa. Nchi mzima ikasimama kuangalia. Mwili wake ukakaa mochari siku 154. Jina lake ni Silvano Melea Otieno, lakini Kenya ilimjua kama S.M. Otieno.

Uliza mtu yeyote wa rika la wazazi wako. Ukitaja tu hilo jina utaona venye atakaa vizuri kwa kiti.

KIJANA WA NYALGUNGA

S.M. alizaliwa mwaka wa 1931 huko Nyalgunga, Alego, sehemu ambayo sai ni Kaunti ya Siaya. Ukoo wake ni Umira Kager, ukoo mkubwa wa Waluo. Hizo zilikuwa siku za mkoloni, na kijana wa kijiji akitaka kutoka, njia ilikuwa moja tu: kitabu. S.M. alishika kitabu kweli kweli. Alisoma mpaka akavuka bahari, akaenda India kusomea sheria, wakati mawakili Waafrika nchini walikuwa wachache sana.

Akarudi, akafungua ofisi Nairobi, na akawa mmoja wa mawakili wa kesi za jinai wenye kila mtu alijua. Alikuwa mtu wa suti na wa vitabu. Shakespeare alimpenda sana, na watoto wake aliwalea kisasa, kwa Kiingereza, mbali na mambo ya kijiji. Kwa macho ya wengi yeye ndiye alikuwa mfano wa Mkenya mpya: ametoka kijijini, amesoma, ameingia mji, ameupata.

Alafu akapenda.

Mwaka wa 1963, miezi michache kabla ya uhuru, S.M. alimuoa Virginia Edith Wambui Waiyaki. Walioana Nairobi, kwa sheria ya ndoa ya serikali. Yeye Mluo, bibi Mkikuyu. Leo unaweza sema kwani hio ni nini, si hata jirani yangu yuko hivyo. Lakini mwaka wa 1963 hio haikuwa kitu ndogo. Familia zote mbili zilikuwa na maoni, na unajua familia ikiwa na maoni inakuwaje.

BINTI WA WAIYAKI

Wambui si mtu wa kutajwa kando kwa hii stori. Alikuwa ametumwa na Mau Mau ndani ya Nairobi akiwa msichana mdogo, na mkoloni alimshika akamzuilia Lamu. Baba yake, Tiras Waiyaki, alikuwa afisa wa polisi. Kaka yake, Munyua Waiyaki, baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje. Na babu ya baba yake alikuwa Waiyaki wa Hinga, yule kiongozi wa Wakikuyu aliyegombana na Waingereza pale Dagoretti.

Waiyaki wa Hinga alishikwa mwaka wa 1892, akapelekwa upande wa pwani, lakini hakufika. Alifia Kibwezi, na huko ndiko alizikwa, mbali na watu wake. Wakikuyu wamesimuliana miaka yote ati alizikwa akiwa bado mzima. Ukweli wa hio sehemu tuachie wanahistoria. Kitu ya maana ni kwamba Wambui alikulia kwa familia ambayo ilijua vizuri uchungu wa mtu wako kuzikwa mahali hukuchagua, na wewe haupo.

Shika hio kitu kwa akili. Tutairudia.

Wambui na S.M. walijenga maisha yao Nairobi. Walizaa watoto na wakalea wengine wa wenyewe, nyumba ikajaa. Walikuwa na nyumba Lang'ata, na shamba huko Upper Matasia, upande wa Ngong. Nyalgunga, S.M. alikuwa anaenda kukiwa na matanga. Nyumba yake mwenyewe huko hakuwa amejenga.

JUMAMOSI MOJA KABLA YA KRISMASI

Disemba 20, 1986, ilikuwa Jumamosi. S.M. alikuwa shambani Upper Matasia. Moyo ukamlemea. Wakamkimbiza Nairobi, na akaaga siku hio hio. Alikuwa na miaka 55 tu.

Sasa jiweke kwa viatu vya Wambui. Miaka 23 ya ndoa. Asubuhi uko na bwana, jioni uko na cheti. Kitu ya kwanza mtu hufanya akifiwa ni kutafuta kitu cha kufanya, juu mikono ikikaa bure akili inapasuka. Ndio maana kwa matanga utaona watu wanakimbizana na sufuria na viti na tenti. Wambui alipanga mazishi. Bwana yake angezikwa Upper Matasia, kwa shamba lao. Alisema S.M. mwenyewe alimwambia anataka kulala huko, na kama si huko basi makaburi ya Lang'ata.

Upande ule mwingine, kaka ya S.M., Joash Ochieng' Ougo, naye alikuwa amefiwa. Hio watu hupenda kusahau wakisimulia hii stori. Kaka naye alikuwa na uchungu, na yeye pia mikono yake ilikuwa inatafuta kazi. Yeye na wazee wa Umira Kager wakapanga mazishi pia. S.M. angerudi Nyalgunga, alale karibu na baba yake.

Enzi hizo hakukuwa na grupu ya WhatsApp. Tangazo la kifo lilikuwa linasomwa kwa redio ya taifa, Sauti ya Kenya. Kenya ikasikia msee mmoja atazikwa mahali pawili.

Kabla mwaka uishe, Wambui alikuwa kortini.

NYUMBA SI NYUMBANI

Mwanzoni Wambui alishinda. Jaji wa Mahakama Kuu, Frank Shields, alikubaliana naye. Lakini Mahakama ya Rufaa ikasema hapana, hii kitu lazima isikizwe yote, mashahidi waje. Kesi ikaanza tena Januari 1987 mbele ya Jaji S.E.O. Bosire. Wambui alikuwa na wakili John Khaminwa. Ukoo ulikuwa na Richard Kwach.

Na hapo ndio Kenya ilichizi. Korti ilijaa mpaka nje. Magazeti yaliandika kila neno, na watu waliyagombania kila asubuhi. Kumbuka huo ulikuwa wakati wa chama kimoja, mambo ya siasa ulikuwa unaongea ukiangalia nyuma. Lakini hii kesi kila mtu alikuwa huru kuibonga: kwa matatu, kwa baa, kwa kanisa, kwa foleni ya maziwa. Na kila mtu alikuwa anabonga juu yake mwenyewe. Waliooa nje ya kabila walianza kuangaliana kwa meza. Wanawake waliuliza, kama Wambui na cheti chake na miaka yake 23 anaweza ambiwa hana sauti, mimi je?

Kwach alisimamia hoja moja ambayo mpaka leo iko na nguvu. Kwa Kiluo kuna ot, na kuna dala. Ot ni nyumba. Hio unaweza jenga popote, Lang'ata, Ngong, hata London. Dala ni nyumbani, na nyumbani hakununuliwi kwa doh. Ni mahali mababu wako wamelala, mahali kitovu chako kilizikwa. S.M. alikuwa na ot Nairobi. Dala yake ilikuwa Nyalgunga. Na mwanaume Mluo anazikwa dala.

Usicheke hio kitu haraka ati ni ushamba. Fikiria ina maana gani. Kwa hio imani, mtu akifa hajaenda mbali. Amebadilisha tu kiti kwa boma. Bado ni wa familia, bado anaangalia, na kama amewekwa mahali si pake, hatulii. Wenye wamebaki pia hawatulii: ndoto mbaya, magonjwa, watoto kukosa bahati. Kuna mpaka upande wa nyumba mwanaume anazikwa na upande mwanamke anazikwa. Kuna tero buru, pale wanaume wanatoka na ng'ombe na kelele kukifukuza kifo kwa boma. Kuna kunyoa nywele. Kila mtu ana kitu yake ya kufanya na siku yake ya kuifanya. Ukiiangalia vizuri, hio ni njia ya watu kusema hakuna mtu ataomboleza peke yake. Ndugu za S.M. walikuwa wanaogopa kweli, na walikuwa wanampenda kweli.

Mashahidi walikuja wa kila aina. Profesa Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alieleza korti mila za Waluo na kwa nini hata msomi bado anazishika. Alikuja pia mchimba kaburi wa Nyalgunga, Albert Ong'ang'o. Huyu alisema S.M. mwenyewe, siku moja alipokuja kwa mazishi, alimwonyesha kando ya kaburi la baba yake na kumwambia siku yake ikifika amchimbie hapo. Mawakili walimhoji maswali marefu juu ya roho za wafu, na nchi ikawa inafuata majibu yake kama mchezo wa redio.

Lakini angalia shida iko wapi. Wambui anasema bwana yake alimwambia Matasia. Mchimba kaburi anasema S.M. alimwambia Nyalgunga. Na si lazima mmoja awe mwongo. Mtu anaweza kuwa kwa bibi yake aseme kitu moja, na siku ingine amesimama kwa kaburi la buda yake, moyo umejaa, aseme ingine. Wewe mwenyewe hujawahi? Hapa mjini wewe ni msee wa Umoja damu. Ukifika shagz na kuona kaburi la shosho, ghafla unaona kwani niliacha hii mahali aje?

Mtu mmoja pekee ndiye angemaliza huo ubishi, na alikuwa kwa mochari ya City. Loya mzima. Mtu wa kuandikia wengine karatasi, wa kusimama kortini kila siku akisema ushahidi uko wapi. Karatasi yake mwenyewe ya kusema atalala wapi haikuwepo.

HUKUMU

Februari 13, 1987, Jaji Bosire aliamua. S.M. azikwe Nyalgunga. Lakini kuna kitu kwa hio hukumu watu hawakumbukangi. Jaji hakusema mwili apewe ukoo pekee yake. Alisema unaweza kupewa Wambui na Joash pamoja, ama mmoja wao. Yaani mlango uliachwa wazi wa mjane na shemeji kubeba jeneza moja.

Huo mlango hakuna aliyeupitia. Walikuwa wameumizana sana kufikia hapo. Wambui alikata rufaa. Mei 15, majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa, Nyarangi, Platt na Gachuhi, wakaitupa. Walichosema kwa ufupi ni kwamba mtu anaweza kusoma, anaweza kuoa kwa sheria ya serikali, anaweza kuishi maisha ya kizungu mjini, lakini hawezi kujivua ukabila wake kama koti. Alizaliwa Mluo, na kwa mambo ya kuzikwa atafuata mila za Waluo.

Jumamosi, Mei 23, 1987, S.M. Otieno alizikwa Nyalgunga. Maelfu ya watu walifika. Wambui na watoto hawakuenda.

Hapo nataka usimame kidogo.

Kesi tumezoea kuihesabu kwa nani alishinda. Lakini hesabu siku. Kutoka Disemba 20 mpaka Mei 23 ni siku 154. Kila siku ya hizo, mjane alikuwa anaamka akivaa nguo ya korti badala ya kukaa chini alie. Watoto walikuwa wanasoma kwa gazeti vitu vya baba yao vilivyofaa kusemwa chumbani. Kaka alikuwa anabebana na shemeji yake mbele ya wageni. Machozi yote yaligeuzwa kuwa hoja. Wenzetu Waislamu wakifiwa, mara nyingi mtu anazikwa siku hio hio ama kesho yake, na walio hai wanabaki na kazi moja tu, ya kuhuzunika na kufarijiana. Familia ya S.M. ilinyimwa hio kazi miezi mitano. Na siku ya kuzika ilipofika, nusu ya wafiwa hawakuwa hapo.

Sasa rudi kwa ile kitu nilikwambia ushike kwa akili. Waiyaki wa Hinga, Kibwezi, 1892. Kitukuu wake, karibu miaka mia baadaye, naye akampoteza mtu wake kwa kaburi la mbali ambalo hakulichagua, na yeye hayuko. Siku ukitoka Nairobi kwenda Siaya, utapitia Waiyaki Way. Jina la huyo mzee liko kwa kila kibao cha barabara ya kwenda huko magharibi.

KUISHI BAADA

Wambui hakuvunjika. Alikataa. Aliendelea na siasa, akagombea, akashindwa, akagombea tena. Mwaka wa 1998 kitabu cha maisha yake, Mau Mau's Daughter, kikatoka, akaieleza Kenya upande wake bila loya katikati. Mwaka wa 2003, akiwa na miaka 67, aliolewa tena na kijana mdogo kwake kwa miongo kadhaa. Wueh, nchi ilipiga kelele! Mtandao haungekuwa na nafasi leo. Lakini fikiria: huyu ni mtu aliambiwa na korti ya juu kabisa ati uamuzi wa mwisho kuhusu bwana yake si wake. Kama alibaki na uamuzi mmoja wa maisha, ilikuwa ni huo wa nani atakula na yeye chakula cha jioni. Kila mtu huwa na njia yake ya kubeba uchungu, na hatupewi kura.

Wambui alifariki Agosti 2011, akiwa na miaka 75.

Mwezi uliofuata, Septemba 2011, Kenya ilimpoteza Profesa Wangari Maathai. Yeye alikuwa amesema mapema hataki mti ukatwe ajengewe jeneza. Familia yake ikasikia. Jeneza likatengenezwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi, na mwili wake ukachomwa Kariokor. Kulikuwa na watu walishangaa, ati mama Mwafrika achomwe? Lakini hakuna aliyeenda kortini. Alikuwa ameongea, na watu wake walikuwa wamejua. Wakapata nafasi ya kulia kwa amani.

Na ukisikia mtu anakwambia mila ya kuzika haijawahi kubadilika tangu dunia iumbwe, mkumbushe kitu moja. Wakikuyu wa zamani wengi wao hawakuwa wanazika kabisa. Ni wazee wachache wenye heshima na mali ndio walichimbiwa kaburi, wengine mwili uliachwa msituni. Leo hio ungeiita laana. Mila ni kama lugha, zinatembea na watu. Tunajua, si hii Sheng tunabonga ndio ushahidi.

KWA HIVYO WEWE JE?

Korti zetu bado zinapokea kesi za mazishi kila mara. Bibi wa kwanza na wa pili. Mathe na bibi ya kijana wake. Ukoo na watoto. Kesi ya S.M. bado inasomwa na wanasheria, ingawa siku hizi majaji wengine wameanza kuangalia zaidi ni nani alikuwa karibu na marehemu akiwa hai. Lakini jua hii: kwa sheria, mwili si mali, huwezi kuurithisha kama shamba. Hata ukiandika mahali unataka kuzikwa, korti itapima neno lako na mambo mengine. Karatasi pekee haitoshi.

Basi kitu gani itatosha? Mimi naona ni kuongea. Na si kuongea na mmoja. S.M. pengine aliongea, kama mashahidi wote wawili walisema ukweli. Shida ni aliongea na bibi yake kando, na mchimba kaburi kando. Hakuwahi kuweka Wambui na Joash kwa meza moja, chai iko hapo, aseme jamani, mambo yangu ni hivi. Labda aliona bado ana wakati. Miaka 55, nani anafikiria kufa?

Najua kwetu hio stori ni mwiko. Ukimwuliza buda anataka kuzikwa wapi, anaweza kufikiri unamtakia shamba lake. Mathe ataanza kukemea pepo. Lakini Disemba ikifika na mko shagz, mmeshiba, jua linazama na wazee wako na stori, hapo ni mahali pazuri pa kuanza. Usianze na kifo. Anza na makaburi. Uliza huyu ni nani, na kwa nini amelala hapa. Watasema wenyewe. Alafu nyamaza usikie wanajiweka wapi.

Na wewe pia uwaambie. Kama ni shagz, sema. Kama ni Lang'ata, sema. Kama hujui, sema hujui, lakini taja mtu ambaye ungetaka aamue, na useme wote wakisikia. Hio si kujiita kifo. Ni kuwaachia watu wako nafasi ya kulia.

Juu maiti haihangaiki na mchanga ni wa wapi. Kaburi ni la wenye wamebaki, ndio wapate mahali pa kusimama na maua na kusema pole, tulikupenda. Watoto wa S.M. walikuwa na baba, na siku ya kumwambia kwaheri hawakuwa hapo. Hakuna rufaa ya hio.

Leo jioni, pigia mathe simu.